Miaka Thelathini na Mitatu Katika Leni ya Kushoto

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa nane mchana, mkuu wa madereva wa magari ya wagonjwa wa hospitali yetu atakabidhi funguo, kitabu cha safari na koti lake la mvua, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Ofisi ya utumishi inamjua kwa namba ya jalada. Sisi wengine, kuanzia jikoni hadi chumba cha upasuaji, tunamwita Indiketa.

Jina hilo hakulipata barabarani. Akisukuma machela, kila anapokaribia kona ya korido hunyoosha mkono upande anaokwenda, hata kama mbele yake hakuna kiumbe ila ndoo ya deki. Muuguzi mkuu wa enzi hizo, mkali kama pilipili, alimwuliza anamwonyesha nani. Akajibu kwamba hajui, na ndiyo sababu anaonyesha. Jina likamganda siku hiyohiyo.

Alianza kazi akiwa mwosha magari. Baada ya mwaka na nusu akapewa usukani, na tangu hapo hajatulia. Chumba cha madereva kina viti vinne, meza, simu na dirisha. Katika miaka kumi na miwili niliyofanya kazi naye, nimemwona amekalia kiti mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa ameteguka mguu. Chai anakunywa akitembea. Tairi alilolipima upepo saa mbili, atalipima tena saa tatu. Mkewe, ambaye hushona sare za shule, anasema nyumbani ni yaleyale: mtu anaacha tonge kwenye sahani anakwenda kuchungulia geti, anarudi, anakula, anakwenda tena. Ukimwuliza ana nini, atakwambia anafikiria yale makutano.

Makutano yenyewe yako kilomita moja kutoka lango letu. Anayetoka mjini hukuta leni mbili. Ya kushoto ni ya wanaokata kushoto kuja hospitali. Ya kulia ni ya wanaokwenda moja kwa moja. Mshale wa kushoto huwaka kijani kwanza, wa kulia wakiwa bado wamezuiwa na nyekundu. Aliyeupanga hivyo alifikiri vizuri, ila alisahau jambo moja: foleni ya kulia ni ndefu, ya kushoto ni fupi, na binadamu akiona foleni fupi hujiona mjanja. Basi anayekwenda moja kwa moja huchepukia kushoto, hupita wenzake wote, husimama mbele kabisa, kisha hugoma kuondoka mshale ukiwaka, akisubiri taa ya wenzake ili ajipenyeze. Nyuma yake wote wanaokuja hospitali hubaki wameganda.

Najua akili ya mtu wa namna hiyo kwa sababu nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, miaka kumi na miwili iliyopita. Sikuwa mfanyakazi wa hapa. Nilikuwa dereva niliyeachishwa kazi, nimeazima gari la shemeji, nawahi usaili kwenye ghala moja ng'ambo ya taa. Foleni ya kulia ilikuwa imefika hadi kituo cha mafuta. Nikachukua kushoto, macho makavu. Mshale ulipowaka, nikabaki palepale. Honi zikalia. Nilipotazama kioo nikaona gari la wagonjwa limekaribia kunigusa kwa bampa, taa zake zikizunguka. Kushoto kwetu ukingo wa zege, kulia magari yamebanana. Ningekata kushoto tu, wote wangepita, nami ningezunguka mtaa mmoja nikarudi. Dakika nne. Badala yake nilikaza shingo nikatazama mbele kama mtu aliyezaliwa bila masikio.

Mshale ukazima. Taa ya moja kwa moja ikawaka, nikaonyesha kulia, na hakuna aliyenipisha. Wangenipishaje mtu niliyewapita wote? Nikaingiza pua ya gari nusu, nikakwama hivyohivyo mpaka nyekundu ikarudi. Hapo king'ora kikanyamaza, dereva akashuka, akaja kwa miguu hadi dirishani kwangu. Nilishusha kioo nikisubiri matusi.

"Mdogo wangu," alisema, "nyuma nina mtu anayetafuta pumzi. Mshale ukiwaka, kata kushoto. Ulikokuwa unakwenda utarudi."

Akageuka akaenda zake. Mshale ulipowaka nikakata kushoto, nikasimama pembeni, akanipita.

Kwenye usaili nilifika nimechelewa, lakini walinipokea. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Wa katikati aliniuliza wajibu wa kwanza wa dereva ni upi. Swali la mtoto mdogo, nami nikashindwa kulijibu. Nikaomba radhi, nikatoka, nikaendesha hadi hospitali.

Pale mapokezi sikujua nimwulizie nani. Nilisema namtafuta mgonjwa aliyecheleweshwa kwenye taa, na dada wa mapokezi akanionyesha benchi. Punde nikaona mkono umetokeza konani, kisha machela tupu, kisha Indiketa mwenyewe. Alinitambua. Nilimwambia samahani, akaitikia kwa kichwa, lakini hakukaa nami. Aliegesha machela akaniambia tutembee.

Tulitembea ile korido kwenda na kurudi zaidi ya saa mbili. Aliniambia mgonjwa ni mwoka mikate, pumu imembana tangu alfajiri. Mtungi wa oksijeni uliisha wakiingia getini, na kutoka pale muuguzi akawa anampulizia kwa mkono, akiminya mfuko wa hewa, hadi mlangoni. Sasa yuko na madaktari na hakuna anayejua lolote. Kila mlango ulipofunguka tulisimama, kisha tukaendelea.

Katikati ya kutembea huko nilimwuliza jambo lililokuwa likinikera: kwa nini alizima king'ora akashuka, badala ya kunipigia mpaka nivuke nyekundu? Ndipo akanisimulia. Katika mwaka wake wa pili wa usukani alimkuta karani mmoja na kigari kidogo mbele yake, palepale kwenye makutano, taa ikiwa nyekundu. Alimkaribia mkiani, akamfungulia king'ora chote. Karani akachanganyikiwa, akaruka mbele, akamgonga tarishi aliyekuwa akivuka kwa baiskeli. Mgonjwa aliyekuwa ndani ya gari la Indiketa siku hiyo alikuwa amevunjika mkono na angeweza kusubiri hadi jioni. Goti la yule tarishi halikukunjika tena. Indiketa aliondolewa kwenye usukani miezi sita akarudi kuosha magari, na kila Jumamosi alikwenda kumjulia hali, mwanzoni akifukuzwa mlangoni, baadaye akikaribishwa ndani.

"King'ora ni ombi," aliniambia. "Siku nilipokifanya amri, goti lililovunjika halikuwa langu."

Saa saba daktari akatoka akasema mwoka mikate anapumua mwenyewe. Nilikaa chini sakafuni. Indiketa akaniletea maji, na kabla sijamaliza glasi akataka kuona leseni yangu. Hospitali ilikuwa inatafuta dereva. Nilidhani ananikebehi. Akasema hana muda wa kebehi, kwamba mtu anayejua leni ni rahisi kumpata, mwenye kurudi kuulizia ndiye adimu. Miezi mitatu baadaye nikavaa sare.

Wiki mbili za kwanza hakunigusisha usukani. Alinipeleka makutanoni kwa miguu, tukasimama kando ya barabara na daftari, tukitazama watu wanavyojitia matatani. Chagua leni yako kabla hujajua taa ni ya rangi gani. Onyesha kwanza, ndipo ukanyage breki. Usiingie katikati ya makutano kama ng'ambo hakuna nafasi ya kutokea, hata kijani ikikubembeleza vipi. Simama mahali ambapo bado unaona tairi za gari la mbele zikigusa lami, ili ukitakiwa kupisha uwe na pa kugeukia. Na ukishakosea leni, ifuate inakokwenda. Somo hilo la mwisho alinifanyisha kwa vitendo. Siku moja, nikiwa nimeshapewa usukani, aliniamuru nikosee makusudi kisha nifuate, tukaishia kwenye geti la kiwanda cha magodoro. Mlinzi alipoona gari la wagonjwa akafungua geti mbio na kuanza kuulizana na wenzake nani kaanguka. Indiketa alishuka, akamwamkia, akamwulizia afya yake, akapanda tukageuza. Hadi leo mlinzi yule anaamini tulikuja kwa ajili yake.

Miongoni mwa mafanikio yake, hili la makutano ndilo wengi hawalijui. Kwa miezi minne, siku zake za mapumziko, alisimama pale akihesabu. Aligundua kwamba katika kila magari matano yaliyokuwa leni ya kushoto, moja lilikuwa linakwenda moja kwa moja. Kilichomshangaza ni kwamba wengi wa madereva hao hawakuwa wajanja kama mimi. Walikuwa wageni. Mshale ulichorwa chini mara moja tu, kwenye mstari wa kusimamia, mahali ambapo daima kuna gari juu yake. Mtu alijua yuko leni gani akiwa ameshafika, na kutoka hapo kilichobaki ni aibu na ubishi.

Aliandika barua manispaa. Kimya. Akaandika ya pili, kisha akaenda mwenyewe akawa anatembea koridoni kwao kama anavyotembea kwetu, mpaka injinia wa barabara, mama mmoja wa miwani, akatoka kuuliza ni nani anayemaliza sakafu yake. Indiketa hakumwomba rangi wala kibao. Alimwomba apande gari letu safari tatu. Mbili za kwanza zilipita salama, na niliona jinsi zilivyomkosesha raha mwenyeji wake. Ya tatu, tukirudi bila mgonjwa yeyote, tukakwama nyuma ya lori mizunguko miwili ya taa. Injinia alilegeza kola, akatazama saa, akatazama kioo, akauliza kama huwa hivi siku zote. Indiketa akamjibu kwa adabu kwamba leo ni siku nzuri.

Mishale mipya ilichorwa baada ya miezi miwili, mara tatu, kuanzia mita mia mbili kabla ya taa, pamoja na kibao cha juu kinachoonyesha hospitali iko upande gani. Kitabu cha safari kina ushahidi: zamani tulikwama pale safari nne katika kila kumi, siku hizi ni moja.

Mtu mwingine angeridhika. Yeye hiyo moja ndiyo inayomnyima raha. Rangi imeanza kufifia, na mwezi huu wa mwisho amekwenda kuitazama mara nyingi kuliko anavyokiri. Juzi, katikati ya kikao cha kupanga sherehe yake, mvua ilipoanza aliinuka akatoka, tukajua alikokwenda. Amerudi mara tatu kunikumbusha mtungi wa oksijeni wa akiba na mara mbili breki ya gari la pili. Nami nakiri sijalala vizuri. Kuanzia Jumatatu funguo za gari la kwanza ziko kwangu, na kila nikifumba macho naona mshale wa kijani na mtu wa mbele asiyeondoka.

Kwa niaba ya wauguzi aliowasubiri, madaktari aliowawahisha, madereva saba aliowafundisha, na mwoka mikate ambaye bado anapita kutusalimia, tunasema asante, kaka mkubwa. Asante pia kwa shemeji yetu, mkeo, aliyevumilia sahani za chakula zilizopoa miaka yote hiyo.

Jumapili iliyopita nilimwendesha yeye na mkewe kwenda kumwona dada wa mkewe. Alikaa kiti cha mbele, abiria asiye kazini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na hakujua miguu yake aiweke wapi. Kila nilipopunguza mwendo, mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia. Tulifika makutanoni taa ikiwa nyekundu. Tulikuwa tunakwenda moja kwa moja, nikawa leni ya kulia, mkiani mwa foleni ndefu, na kushoto kwetu leni tupu hadi mbele. Nilisubiri aseme neno, maana hajawahi kupita pale bila kusema neno. Hakusema. Nikatazama kioo nikamwona mkewe ameinama mbele, ameweka kidole mdomoni. Indiketa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

Taa ikawaka kijani. Niliondoa gari polepole, kama mtu aliyepakata bakuli la uji wa moto, na kwa bahati aliyekuwa nyuma yetu hakupiga honi.

Kaka, tunakuombea siku nyingi, afya njema, na usingizi kama ule.