Mzee Nandonde na Taya Lililosubiri

Tarehe 30 Juni 1996 Mzee Edmund Nandonde, tabibu wa meno, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika hospitali yetu. Alizaliwa Lukuledi mwaka 1941 na aliripoti kazini Julai 1963, akiwa na shati moja jeupe na cheti.

Mashine yake ya kwanza ya kutoboa meno iliendeshwa kwa kukanyaga. Umeme ulipokatika idara zote zilisimama, isipokuwa chumba chake. Mwaka 1974 mfanyabiashara mmoja wa Nanganga, Bwana Awadhi, alimkimbia kutoka kwenye kiti akiwa na pamba mdomoni. Kesho yake alirudi na kusema, “Tabibu, nimekuja kulimalizia lile jino, mke wangu amenifukuza.” Mzee Nandonde alimpokea kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Kwa hesabu ya daftari ameng’oa meno zaidi ya elfu arobaini. Amewafundisha matabibu sita. Hakuwahi kuchelewa.

Hayo yangetosha kwa sherehe. Lakini mwenyewe ameomba habari ya Somoe isiachwe, na ni haki yake kuomba.

Mwaka 1990 daktari bingwa wa upasuaji wa taya alitutembelea kutoka Dar es Salaam. Mzee Nandonde alimwonyesha Somoe, binti wa miaka kumi na saba kutoka Mnyambe, Newala. Taya lake la chini lilikua likapita la juu, hata meno ya mbele hayakukutana. Alitafuna kwa upande mmoja, na shuleni alikula akiwa amejifunika kwa kanga.

Tiba ilikuwa ya hatua mbili. Kwanza meno yafungwe nyaya kwa mwaka mmoja na nusu, yanyooke kila moja juu ya mfupa wake. Kisha taya likatwe pande zote mbili na kurudishwa nyuma. Bingwa alifunga nyaya, akasema upasuaji utakuwa Machi 1992. Kazi ya kuzikaza kila mwezi alimwachia Mzee Nandonde, ambaye alikuwa amejifunza kazi hiyo Dar es Salaam kwa miezi mitatu.

Mzee Nandonde alisahau kuwaeleza ndugu wa Somoe jambo moja, na walipoliona wenyewe ilibidi alieleze. Kwa miaka mingi meno ya Somoe yalikuwa yameinama kutafutana. Yakinyooshwa, pengo huongezeka. Bibi yake, mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, alikuja kuuliza.

“Mwanangu, kwa hiyo unamharibu ili umtengeneze?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Sisi tulitobolewa siku moja tukapona. Huyu unamtoboa kwa miaka, na uzuri hatujauona.”

“Utauona Machi.”

Somoe alitimiza kila alichoagizwa. Hakula korosho wala makopa magumu ya muhogo, na hili linasemwa kuhusu binti wa Newala, nchi ya korosho. Alipiga mswaki mara tatu kwa siku kwa maji yaliyopandishwa kichwani kutoka bondeni.

Mwishoni mwa 1991 sheria iliruhusu tena hospitali za watu binafsi. Bingwa aliacha kazi ya serikali akafungua kliniki yake. Aliyemfuata, alipoulizwa na Mzee Nandonde, alijibu kwamba orodha inaanza upya, na kwamba hakuna barua yoyote yenye tarehe ya Somoe. Kweli haikuwepo. Mzee Nandonde hakuiomba. Tangu 1963 neno la daktari wa serikali lilikuwa likitosha, naye aliendelea kufanya kazi kwa kanuni iliyokwisha kufutwa bila yeye kuambiwa.

Aliandika barua tisa. Mbili zilijibiwa, zote zikimshauri asubiri. Angeweza kuzitoa nyaya mapema, lakini meno yangeanza kuinama tena na kazi yote ingepotea. Basi alizishikilia. Nyaya mpya zilipokwisha alinyoosha zilizotumika. Wenzake tulimwambia aache. Alijibu, “Nikiacha mimi, nani atakumbuka kwamba anasubiri?”

Novemba 1994 fizi za Somoe zilivimba zikatoa usaha. Aliitwa nyaya zitolewe, akakaa kitini.

“Baba, ukizitoa ndiyo basi?”

“Ndiyo basi, mama.”

“Yatarudi yalivyokuwa?”

“Sijui.”

Kazi ilichukua dakika arobaini. Meno yaliinama tena kidogo, si kama zamani. Leo Somoe ana miaka ishirini na mitatu na anatafuna vibaya kuliko siku aliyoletwa kwetu.

Katika makabidhiano Mzee Nandonde ameorodhesha kiti, koleo kumi na nne na jozi moja ya meno ya plasta, nakala ya kinywa cha mgonjwa, yenye maandishi: “Somoe, Mnyambe. Isitupwe.” Tumetia sahihi, na aliyempokea kazi ameandika barua ya kumi.

Tulimwalika Somoe kwenye sherehe hii. Amefika mapema, amemsalimu “Shikamoo, Baba,” na kumpa mfuko wa korosho nzima za kukaanga. Za kwake, amesema, huwa anatwanga.

Mzee Nandonde, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu. Nenda salama Lukuledi, uishi vema na kwa afya. Korosho hizo uzile. Zimekaangwa kwa ajili ya mtu mwenye meno.