Drusilla Bosibori na Chupa Niliyoijaza Mimi

Marehemu Drusilla Bosibori alizaliwa Marani tarehe 3 Machi 1948, binti wa tatu wa Mzee Machogu na Mama Persis. Alisoma hapo hapo Marani hadi darasa la saba.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika duka la vitambaa la Bwana Yashwant mjini Kisii. Alikuwa akikutazama tu anajua gauni lako litakula yadi ngapi. Mimi aliniambia nne, nikabisha, nikanunua tatu, na gauni lenyewe linanibana mpaka leo.

Tarehe 12 Desemba 1970 aliolewa na kaka yangu, Nehemiah Omwenga wa Nyamarambe. Akawa wifi yangu, na rafiki.

Mwaka huu wa 1972 alipata mimba yake ya kwanza. Ilipofika miezi saba, miguu ilivimba na uso ukajaa. Sisi nyumbani tulimsifu kwamba amenenepa. Aliyeshtuka ni Chandrakala, mke wa Yashwant: "Bosibori, hii si mafuta. Wewe enda kwa nesi leo." Nesi Esnah wa zahanati akamwagiza alete mkojo kwenye chupa, ili yeye nesi auchemshe aone kama utageuka mweupe, maana hiyo ni dalili ya hatari.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Mama yetu aliogopa mkojo wa mja mzito usije ukaangukia mikononi mwa wachawi. Akaniambia niijaze chupa mimi. Bosibori akauliza, "Wifi, si watapima wewe sasa?" Nikacheka. Nikamwambia anyamaze, asimwaibishe mama mkwe. Mkojo wangu ulichemka ukabaki safi, naye akaambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Hakuzifikisha. Kichwa kilimuuma siku tatu, macho yakaingia giza, kisha akashikwa na degedege. Tulimkimbiza hospitali mjini Kisii, mtoto akatolewa akiwa hai. Bosibori alifariki Jumanne, tarehe 15 Agosti 1972. Daktari alisema ni kifafa cha mimba, akauliza kama mkojo wake ulipimwa. Nikajibu, "Ulipimwa."

Tangu siku hiyo mnamnyooshea vidole Nesi Esnah. Yule pale nyuma, amesimama peke yake. Mwacheni! Alipima alicholetewa. Nanyi wenye mimba, nawapigia magoti, pelekeni mkojo wenu wenyewe.

Marehemu ameacha mume, wazazi, kaka mmoja, dada wawili, na binti wa siku tano ambaye hatujampa jina. Mwenyezi Mungu ampumzishe. Mimi Tryphosa, mtoto huyo bado sijaweza kumbeba.