Mwalimu Namalwa na Shaba ya Kishushe

Wapendwa waombolezaji, mbele yetu hapa Mraru amelala Mwalimu Branice Namalwa, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba za reli mjini Voi, binti wa Mzee Odera, fundi wa reli aliyetoka Busia, na Mama Elsie.

Alisoma shule ya msingi Voi kuanzia mwaka 1978 hadi 1985, akamaliza sekondari mwaka 1989, kisha akasomea ualimu, na Januari 1994 akaanza kufundisha kemia huko Mahoo. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Hudson Mwadime, mkulima wa hapa Mraru, wakajaliwa watoto wawili, Derrick na Daisy.

Mwaka 2009 alihamishiwa shule changa ya wasichana kule Kishushe, ambako maabara haikuwepo, na Machi mwaka uliofuata afisa wa elimu akaja na nia ya kuliondoa somo la kemia, ndipo Mwalimu akamwomba akae kipindi kimoja tu. Alikuwa na betri ya gari, nyaya za shaba alizozichuna mwenyewe, na mrututu, ule unga wa buluu ambao wakulima huchanganya na maji kupulizia nyanya. Aliukoroga katika chombo cha maji, akatumbukiza nyaya mbili na kuziunganisha na betri, na waya uliotarajiwa kuvaa shaba nyekundu ukatoka na masizi meusi yaliyopukutika, wasichana wakainamisha vichwa, lakini yeye hakukificha kile chombo, akauliza, "Haya, mabinti zangu, tumekosea wapi?"

Wayua, msichana asiyezoea kuinua mkono, akasema, "Mwalimu, labda umeme ni mwingi, shaba inakimbizwa, haipati nafasi ya kushika." Wakaunganisha balbu ya pikipiki kuupunguza, wakangoja, na kufikia chakula cha mchana waya mmoja ulikuwa umekonda na wa pili umenenepa, mwekundu, unang'aa. Afisa aliugeuza mkononi, akasema, "Madam, endeleeni." Kemia inafundishwa Kishushe hadi leo, na sisi jamaa zake tunalisema hilo vifua mbele.

Agosti 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akaendelea kufundisha akiwa ameketi, mpaka mwili ulipokataa. Siku zake za mwisho, wanafunzi wake wa zamani walipojaa kwenye varanda ya wodi, alimwita mumewe akamwambia, "Baba Derrick, hawa wametoka mbali, wasirudi bila chai." Alitutoka tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Daisy.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Mraru waliolala nasi kwenye matanga, walimu wenzake, na nyinyi mabinti wa Kishushe mliokuja mkiwa mmevaa sare zenu.

Umetuheshimisha, Mwalimu. Pumzika kwa amani.