Siku Bwana Shauri Alipoingia Kwenye Ngoma

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Afisa Utamaduni wa Wilaya. Baba Paroko na Shehe wetu, mlioketi jirani hata mnagawana chupa moja ya maji. Mzee wangu Masalu Mageni, shikamoo. Mama Luka na ukoo wote. Wachimbaji mlioacha maduara yenu, mashimo yenu ya dhahabu, akina mama mliofunga vibanda, vijana wa bodaboda mliogoma kuzima pikipiki mpaka mhakikishe kwamba chakula kipo. Na ninyi wanafunzi wangu wa zamani, mliokuwa mkisinzia darasani bure na leo mmelipa nauli kuja kunisikiliza, nawasalimu kwa Kisukuma: mwadela.

Mshereheshaji amenionya nisitaje watu mmoja mmoja, niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa. Nimemkatalia kwa heshima. Hadithi niliyowaletea inamhusu mtu aliyewapanga watu hadharani, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu, akapoteza cheo chake. Mimi nimeshastaafu, sina cheo cha kupoteza, ndiyo maana nimethubutu.

Kwa wasionifahamu, naitwa Vumilia Maduhu. Nimezaliwa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, nikafundisha historia huku Geita mpaka nywele zikageuka rangi. Nilifundisha kama nilivyofundishwa: mwaka huu walikuja hawa, mwaka ule wakaja wale, andikeni. Wanafunzi waliandika, kisha wakalala. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikawaeleza jinsi bibi yangu alivyomficha beberu wake uvunguni mtoza kodi alipokuja, na beberu akapiga chafya bibi akiwa katikati ya kiapo kwamba hana mfugo. Darasa zima likaamka. Aliyekuwa usingizini kuliko wote, Donatus, akauliza: "Mwalimu, hiyo kodi ilikuwa ya nini hasa?" Nikajiuliza, nimekuwa wapi miaka yote hii?

Donatus huyo sasa ana karasha lake hapa Katoro, anasaga mawe ya watu. Juzi aliniambia kazi yangu ni marudio. Kwa wageni, marudio ni ule mchanga ambao wenzetu walishauosha, wakachukua dhahabu yao wakautupa, kisha anakuja mtu mwenye subira anauosha tena. Nimekubali. Wenye vitabu vikubwa walichukua vita, mikataba na majina ya magavana, wakatuachia kicheko wakidhani ni mchanga mtupu. Mimi nimeuosha tena, nikapata kitabu.

Sasa, mnayaona yale maboksi pale mezani? Mnaona kwamba bado yamefungwa kwa gundi? Vitabu vimo ndani, vimechapwa, vimelipiwa, na Mheshimiwa Diwani amekuja na mkasi wake. Lakini mwenye ruhusa ya kuyafungua si Diwani wala mimi. Ni Mzee Masalu, aliyeketi pale mbele na fimbo yake, ambaye tangu amefika hajatabasamu hata mara moja. Alinipa sharti mbele ya binti yake, Mama Luka. Alisema, "Mwalimu, utalisema jina la baba yangu mbele ya watu, na mimi nikiwa nasikia. Nikiona umelidhalilisha, hayo maboksi utarudi nayo Ngokolo." Nilikubali. Kwa hiyo ninyi mmekuja kwenye uzinduzi, mimi nimekuja kwenye mtihani.

Baba yake, marehemu Mageni, alikuwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji, kule upande wa Shinyanga, miaka ya hamsini. Mnaijua desturi yetu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanashindana ngoma, kila kundi na upande wake wa uwanja, kila kundi na mganga wake na dawa yake ya mvuto. Hakuna anayehesabu kura. Watu wenyewe ndio kura: kundi linalowavuta likawashika mpaka jua linazama, hilo limeshinda. Na aliyekuwa akitamka matokeo ni mwanangwa Mageni, mtu aliyesifika kwamba hapendelei hata upande wa wajomba zake.

Mwaka huo Bwana Shauri, mtawala wa Kizungu wa wilaya, alitaka kuwahutubia wananchi juu ya matuta ya lazima mashambani. Karani wake akamshauri aende siku ya ngoma, atawakuta watu wote mahali pamoja. Ushauri ule haukuwa mbaya, ila hakuna aliyemweleza kwamba kwa watu wale, yeyote anayesimama katika uwanja ule na kuita watu, ameingia mashindanoni.

Bwana Shauri akafika na Landrova, akapanda juu ya boneti, akapiga honi. Ndugu zangu, uwanja ulimhamia wote. Mzungu juu ya gari, nani alikuwa amewahi kuona? Bagika wakabaki wanamchezea mganga wao. Mganga wa Bagalu akaizunguka ile Landrova akiinusa magurudumu, atambue ni dawa gani hiyo. Kisha Bwana Shauri akafungua kinywa, akaanza: upana wa tuta, kina cha tuta, umbali wa tuta na tuta. Bagalu wakatoa majembe yao, wakayarusha juu na kuyadaka kwa mdundo, na watu wakaondoka kwake taratibu, kisha kwa mbio. Akapiga honi, wakarudi. Akarudi kwenye matuta, wakaondoka. Ikawa hivyo mpaka jioni, na vumbi la kwenda na kurudi likamfanya Bwana Shauri awe mweusi kama sisi.

Jua lilipozama, watu wakamzunguka mwanangwa wasikie matokeo. Mageni angeweza kutaja makundi mawili tu akaenda zake nyumbani. Lakini alikuwa mtu wa haki, na kwa haki washindani walikuwa watatu. Akasimama, akasafisha koo, akatangaza: wa kwanza Bagalu; wa pili Bagika; wa tatu Bwana Shauri, ambaye ameanza vizuri sana kwa honi, lakini wimbo wake ni mrefu na hauna kiitikio. Asikate tamaa, akajiandae, mwakani arudi.

Na karani, Mungu amrehemu, alitafsiri yote.

Nawaona mnavyocheka. Hata Baba Paroko ameshika meza. Nami nilicheka hivyo nilipoisikia mara ya kwanza, nikaiandika usiku huohuo, kisha nikaenda kwa Mzee Masalu kuomba ruhusa. Sikuvuka hata sebule. Alinisikiliza, akaniambia: "Wiki ile walimvua baba yangu uongozi. Tulitoka katika nyumba ya mwanangwa na vyungu vyetu kichwani, watu wakituangalia. Mimi nilikuwa mtoto, nilibeba kigoda chake. Wewe unataka watu wacheke wapi hapo?"

Nilirudi stendi nikiwa na aibu, na nilikuwa tayari kuitoa sura hiyo kitabuni, ingawa ndiyo moyo wake. Je, kuna haki gani ya kumchekesha msomaji wa Kalangalala, pale Geita mjini, kwa jambo lililomliza mtoto wa Shinyanga?

Mama Luka ndiye aliyeninasua. Alinikuta nimejiinamia kibandani kwake sokoni, akanimiminia chai, akaniuliza nilikwenda kwa nani. Nikamwambia, kwa baba yako. Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Mwalimu mzima, Msukuma wa kuzaliwa, unaenda kuomba utani wa babu kwa mtoto wake? Mtoto hamtanii baba yake, hata akitaka hawezi. Babu tunamtania sisi wajukuu. Huyo mzee aliniita mke wake tangu natambaa, nami nikimwita mume asiye na meno. Hadithi hiyo alitusimulia yeye mwenyewe, akiigiza na honi."

Mmesikia hapo? Akiigiza na honi. Mwenye kuvuliwa cheo ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Nilikuwa nimebisha hodi kwenye mlango usiohusika, kosa ambalo hata mtoto wa darasa la tatu katika koo zetu halifanyi. Mama Luka akampelekea baba yake ombi la wajukuu wote, na mzee, akiwa hawezi kuwanyima wajukuu haki yao, akatoa sharti lile la leo.

Basi, Mzee wangu, nimelisema jina la baba yako. Nimeyasema na yale ya vyungu na kigoda, na yamo kitabuni kama ulivyonieleza, kwa sababu sitaki mtu acheke bila kujua kilicholipwa kwa kicheko hicho. Nakusubiri.

Naona anainuka. Tafadhali, mpeni Mzee kipaza sauti.

Asante, Mzee. Asante sana. Ndugu zangu, nipeni nafasi, nimefuta machozi na sijui ni ya upande gani. Naambiwa ninyi mlioko nje chini ya turubai hamkusikia, spika imekata. Nitarudia maneno yake kama alivyoyasema.

Mzee amesema nimeisimulia sawa, ila sikuimaliza, kwa sababu wajukuu hawaujui mwisho. Amesema siku ile, walipofika na vyungu katika kibanda cha shangazi, mama yake aliketi chini akalia, akauliza, "Baba Masalu, umefanya nini?" Na Mageni akavua kofia, akaitundika, akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa matokeo: "Nimefukuzwa kazi na mshindi wa tatu." Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mtoto akiwa amesimama na kigoda mikononi asijue alie au afanye nini. Mzee amesema amelibeba jambo hilo umri wake wote upande wa kilio tu, na leo, kwa kutusikia tukicheka, amemsikia mama yake.

Kitabu hiki, Mheshimiwa Diwani, kimechapwa bila maneno hayo. Kwa hiyo naomba radhi, nimekuleta uzindue kitabu ambacho hakijaisha. Lakini mchapaji kwa bahati aliacha ukurasa mtupu mwishoni mwa sura hiyo. Kila atakayechukua nakala leo aazime kalamu, aandike pale kwa mkono wake: Nimefukuzwa kazi na mshindi wa tatu. Nakala ya kwanza ataiandika mtoto wa Mageni mwenyewe.

Kwa ninyi mliofika kutoka Shinyanga, Geita na kila duara lililo katikati, kwa Mama Luka na chai yake, na kwako Mzee, nashukuru kutoka moyoni. Wabeja sana. Mmenisikiliza hadi mwisho bila mtu kukimbilia ngoma nyingine, na Bwana Shauri hakuipata bahati hiyo. Asanteni kwa masikio yenu.

Mzee amepiga fimbo chini. Mama Luka, fungua maboksi.