Neno la Mama Lenny Siku ya Kuipakia Datsun

Mheshimiwa Arbab Rafiq, mwenye gereji hii na mwenye kivuli hiki tulichojibanza chini yake; Mchungaji wetu; Mheshimiwa Mzee Gittens, mgeni wetu uliyetoka Barbados mpaka Dubai kwa ajili ya gari moja na kijana mmoja; Madam Rebecca, mwajiri wangu, uliyenipa ruhusa ya leo kisha ukaja mwenyewe; mafundi wote wa Al Quoz; ndugu zangu wa Kenya, Tanzania, Zanzibar na Uganda; akina mama mliopika tangu alfajiri: hamjambo? Salaam aleikum. Bwana asifiwe.

Kama nimemtanguliza wa nyuma na kumsahau wa mbele, mnisamehe. Shule niliiacha darasa la nne, na protokali ilikuwa bado haijafundishwa.

Tena nina mzigo wa salamu kutoka nyumbani Kaimosi, na salamu za watu hazilaliwi. Mama yangu Auleria anawasalimu. Magoti yanamsumbua lakini sauti anayo, jana kwenye simu alinigombeza mpaka kadi ikaisha. Kaka yangu Gerishom anawasalimu. Mkewe Annah anawasalimu, yeye na mtoto mchanga, na wale watoto wengine ambao nikiwataja mmoja mmoja pilau itapoa. Majirani wa ng'ambo ya mto wanawasalimu. Hata ng'ombe wangu, nimeambiwa, amezaa, naye namhesabu kuwa amewasalimu.

Sasa, wageni waalikwa, tusidanganyane. Hamkuja hapa kwa ajili ya pilau peke yake. Mmekuja kusikia neno moja. Lenny, mwanangu wa pekee, ameitwa Barbados na Mzee Gittens, akawe fundi wake na kuitunza Datsun hii katika mbio za magari za kule. Gari linapakiwa leo, na yeye anatakiwa kulifuata. Lakini alisimama papa hapa mbele ya mafundi wenzake akasema, "Mama asiponipa ruhusa, sipandi ndege." Nami tangu siku hiyo nimenyamaza. Watu wameniuliza kanisani, wameniuliza kwenye basi, Madam ameniuliza jikoni. Nimenyamaza. Leo nitajibu, ila nitajibu kwa njia yangu, na njia yangu ina kona. Taib, wewe usitazame saa. Kazi yako ni kumfasiria Mzee Gittens, na umfasirie nilivyosema, si ulivyotaka niseme!

Gari hili mnalolipiga picha, jekundu na jeupe, linalong'aa kama sahani ya harusi, mnajua lilikotoka? Lilikuwa nyuma ya ghala hapo, mchanga umefika madirishani. Mafundi walikuwa wakiliita Kaburi. Lenny alipomwomba Arbab, Arbab alicheka akasema, "Yalla, ukiweza kulifukua, chukua." Akalifukua. Kisha kila Ijumaa, siku yetu ya kanisa na ya kupumzika, mwanangu akawa chini ya lile bati. Taa akazitafuta sokoni Naif duka kwa duka. Rangi akapigiwa na huyu Taib wa Mombasa, ambaye nakiri, mdomo wake una kelele lakini mkono wake umetulia.

Siku moja nilimfuata hapa na chakula. Nikamwambia, "Lenny, wenzako wanaimba kwaya, wenzako wanatafuta wachumba. Wewe umeoa chuma?" Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Miguu ikanijibu, "Mama, hii ni ndugu ya ile uliyoisukuma."

Hapo alinipata. Maana hadithi ile nilimpa mwenyewe, akiwa mdogo, badala ya wimbo wa kulalia.

Mnaotoka bara mnajua. Zamani mbio za magari za Safari zilikuwa zikipita kwetu wakati wa Pasaka, na mvua ya Pasaka haina utani. Padri alikuwa akihubiri ufufuo, sisi masikio yako barabarani. Gari likikwama kwenye matope pale mlimani, hakuna aliyengoja kuitwa. Vijana walitia mabega. Watoto walileta majani na mawe ya kuweka chini ya tairi. Na sisi wanawake wenye afya, msicheke, kazi yetu ilikuwa kukaa juu ya buti. Magari yale yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Nyuma ikiwa nyepesi, tairi linazunguka bure kama mtu anayezozana peke yake. Ukiweka uzito, linashika ardhi. Mimi nilikuwa msichana, lakini uzito Mungu alikuwa ameshanipa. Nilikaa kwenye buti ya Datsun ya namna hii, nikashika, nikangoja likamate, kisha nikaruka.

Na likichomoka, je? Sote tulipakwa matope mpaka ndani ya masikio. Dereva hakusimama, hakugeuka. Hakuwa na nafasi. Lakini alipiga honi. Pii! Hiyo ndiyo ilikuwa asante yetu, na ilitutosha. Dereva aliyeondoka bila honi, kijiji kizima kilimsema mpaka Pasaka nyingine.

Sasa nisikilizeni. Mwaka jana Madam Rebecca alinichukua Barbados nikawaangalie watoto likizoni. Nilidhani nakwenda kuona watalii na mchanga, na mchanga tunao hapa wa kutosha. Lo! Nikakuta kisiwa kizima kina wazimu wa mwanangu. Barabara nyembamba katikati ya miwa, wanapita kushoto kama kwetu, na ukutani watu wamekaa na viti vyao, masufuria yao, watoto wao. Palikuwa na bibi mmoja aliyevaa kofia ya kanisa, anakaanga samaki, mgongo ameipa barabara. Gari linanguruma mbali, halijatokea kwenye kona, naye anasema, "Escort hiyo." Linatokea: Escort. Jumapili baada ya ibada wanaosha magari ya zamani, wanafungua boneti, wanaitana waje watazame, kama mama anayemfunulia mgeni uso wa mtoto mchanga. Nikasema moyoni, kumbe mwanangu hajapotea. Amezaliwa tu mbali na watu wake.

Siku ya mbio mvua ilinyesha. Gari moja likateleza, likaingia pembeni mwa miwa, tairi za nyuma zinazunguka bure. Watu wamesimama nyuma ya kamba, wanatazama! Mimi nikashangaa, hawa wamelelewa wapi? Nikampa Madam mtoto wake, nikaruka kamba, nikakaa kwenye buti.

Kijana wa usalama akapiga kelele, "Mama, shuka! Mama, hairuhusiwi!"

Nikamwambia, "Acha maneno, tia bega!"

Akatia bega, masikini, sijui kwa nini. Gari likakamata. Ila nilisahau jambo moja, kwamba nilipokuwa nikiruka zamani nilikuwa na miaka kumi na saba. Likaondoka na mimi. Nilishika pale juu nikimwita Yesu kwa Kiluhya, watu wanashangilia, Madam amefumba macho, mpaka kona ya kwanza iliponitua kwenye miwa. Madam, naona unacheka leo. Siku ile hukucheka.

Dereva alipiga honi. Jamani, alipiga honi mpaka akapotea.

Jioni alikuja kunitafuta. Ndiye huyu, Mzee Gittens. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia Kaimosi nzima. Akanionyesha magari yake bandani, nami nikamwambia, "Mwanangu anayo Datsun, ameifukua mchangani." Mzee akaacha kutafuna. Alipofika hapa Al Quoz mwezi uliopita, hakumsalimu Lenny kwanza. Alivua koti, akalala chini ya gari kando yake. Nilileta chai nikakuta miguu minne.

Ndugu zangu, baada ya kuona miguu ile minne, mnadhani ni nini kilichonifunga mdomo? Si Mzee Gittens, mtu mwema. Si ndege. Ni kaka yangu Gerishom. Alikwenda Muscat kijana, na mwaka mzima hatukupata neno. Mama Auleria aliosha kikombe chake kila asubuhi na kukirudisha mezani, na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Tulianza kuogopa hata mtu akibisha hodi. Kumbe Gerishom ni mzima, anakula wali, amenenepa, amekuwa mvivu wa kuandika tu! Alirudi anacheka. Mama alicheka naye, lakini nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe.

Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, Lenny. Si kwamba utaondoka. Ni kikombe.

Lakini nimejiuliza: tangu lini watu wa kwetu wakalichomoa gari matopeni, kisha wakalikimbilia wakiliambia lirudi? Anayesukuma hupakwa matope. Ndiyo haki yake. Nimekusukuma tangu ukiwa mgongoni, mwanangu, na sasa naona umeshika ardhi. Mbele ya Arbab, mbele ya Mchungaji, mbele ya mgeni wetu na watu hawa wote: nenda. Nimekubali. Nenda na baraka zangu na za bibi yako Auleria.

Mzee Gittens, nakupa mtoto wangu. Anapenda chai ya maziwa, na akinyamaza sana ujue anaumwa. Taib, fasiria hilo vizuri. Acha kulia, fasiria.

Arbab, asante kwa mchanga wako. Nanyi nyote, masikio mliyonipa leo Mungu awaongezee. Maneno yangu yamekwisha, kazi imebaki. Lori lile pale linangoja, na injini isiwashwe. Vueni viatu vyenu vizuri, tieni mabega. Lenny, shika usukani. Mimi nitakaa mahali pangu, kwenye buti, mpaka pale kwenye mbao za kupandia lori. Hapo nitashuka.

Na ukifika, baba, hata kabla hujafungua sanduku: honi. Neno moja tu kwenye simu, na liwe la upesi.