Ermete Gariglio na Herufi Zake Nene za Mlazo, 1919–1991

Mzee wetu Ermete Gariglio alizaliwa tarehe 9 Februari 1919 mjini Carmagnola, Italia, mtoto wa tatu wa mkulima wa katani. Alibatizwa wiki hiyo hiyo. Mama yake alikuwa akisema kwamba hata mshumaa wa ubatizo aliutazama kana kwamba kuna mtu atauiba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha masomo ya jioni ya uchoraji huko Turin. Mwaka 1935 aliajiriwa katika kiwanda cha kutengeneza herufi za chapa. Kwenye meza ya jirani alikaa Oreste Vaudagna, aliyekuja kuwa msimamizi wa harusi yake alipomwoa Clelia Operti tarehe 12 Juni 1948, na baba wa ubatizo wa binti yao Ilde.

Kazi yake kubwa ilikuwa Levriera, herufi nene za mlazo, zilizokamilika mwaka 1957. Zilikusudiwa kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye matangazo ya mbio za baiskeli, sinema na mvinyo wa vermuti. Alizichora moja moja kwa miaka mitatu. Michoro aliifungia ndani ya kasha la mkate na kulala na ufunguo. Ni Oreste peke yake aliyewahi kuonyeshwa.

Aprili 1960 aliona ng'ambo ya barabara bango lenye herufi za kiwanda kingine, zinazofanana na zake. Hakuvuka. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa Oreste.

"Umewapa lini michoro yangu?"

"We Ermete, una homa?"

"Mwizi hanipimi homa mimi."

Hawakusemeshana tena. Familia ilizunguka njia ndefu kwenda misa ili isipite penye bango. Hata paroko, kwa kulisifu, alishukiwa mwaka mzima.

Januari 1991 alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Ilde hakutaka baba yake aende mbele za Mungu na kinyongo hicho. Akalitafuta bango lile, akampelekea pamoja na lenzi.

"Nani kakutuma? Oreste?"

"Sijatumwa, Baba. Tazama mwenyewe."

Aliitazama herufi O muda mrefu. Herufi iliyosimama ikilazwa tu kwa mashine, unene wake hukusanyika juu kulia na chini kushoto. Ndiyo maana yeye alizichora upya zote. O ya bangoni ilikuwa imevimba pale pale.

"Hawa wamelaza herufi yao wenyewe," alisema. "Mwenye michoro yangu asingekosea hivi. Niitieni Oreste."

Oreste alifika kesho yake. "Miaka thelathini na mmoja kuvuka barabara moja, mzee!"

"Kaa. Na kasha usiguse."

Walilia wote wawili.

Alipokea mpako wa wagonjwa, akafariki tarehe 3 Machi 1991. Ufunguo alikuwa amekwisha kumkabidhi Oreste, baada ya kumhesabisha michoro mara mbili.

Ameacha mjane Clelia, watoto Ilde na Renzo, wajukuu wanne, na rafiki yake Oreste, aliyepanga karatasi hii ya kumbukumbu kwa herufi za Levriera, kwa mikono yake. Anawaomba mzitazame herufi O kwa karibu, kwa kuwa mkaguzi wake hayupo.

Bwana ampe pumziko la amani, kule ambako hakuna kasha linalohitaji kufungwa.