Delmar Wieczorek na Ulingo wa Msituni

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni Judith, binti mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Delmar Wieczorek, jinsi yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Phillips, kaskazini mwa Wisconsin, akamaliza sekondari mwaka 1966, na kuanzia 1968 hadi 2006 alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi, pamoja na rafiki yake Orrin Tesch. Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na mama yetu, Lorraine, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Gary, na mwaka uliofuata harusi Orrin naye akamwoa mdogo wake mama.

Mwaka 1983 baba alijenga ulingo wa kuwindia kulungu juu ya mti katika msitu wa umma, na kila mwindaji hapa anajua kwamba ulingo ule ulikuwa wake kwa jasho, si kwa sheria, kwa kuwa katika msitu wa umma anayewahi ndiye anayekaa, na anayechelewa hupita kimya akatafute mti mwingine. Tarehe 21 Novemba 2009, siku ya kufungua msimu, baba alichelewa, akamkuta Orrin amekaa juu.

"Shuka, Orrin, hapo nimejenga mimi."

"Na msitu je, umeupanda wewe? Nimekuwahi, Del, nenda zako."

"Ngazi ni yangu!"

"Basi beba ngazi yako, uniachie mti."

Baba, ambaye asubuhi alikuwa haelewi mzaha, aliibeba kweli, akaenda nayo nyumbani, Orrin akabaki juu hadi saa nane mchana alipopata wa kumshusha, na kwa miaka kumi na tatu hawakusalimiana, hata kanisani, na aliyeumia zaidi ni mama, aliyekuwa akionana na mdogo wake kama mwizi.

Mwaka 2021 baba aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu, na msimu wa 2022, ambao sote tulijua ni wa mwisho, alitaka akae pale tena, japo chini ya mti, lakini kuvaa buti tu kulimchukua nusu saa, mimi na yeye tukachelewa, tukamkuta Orrin amesimamisha kibanda cha turubai chenye viti viwili.

"Nimewahi mimi," alisema, "kwa hiyo hapa ni pangu, na namkaribisha nimtakaye. Kaa, mwanyumba, na uache kukohoa, unafukuza kulungu."

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Walikaa saa nzima wakitazama msitu, nami nyuma yao nimekalia ndoo, kisha baba akasema, "Siku ile nilikosa," Orrin akajibu, "Ulinifanya nikojoe kwenye chupa ya chai, Del," wakacheka hadi kulungu pekee wa asubuhi ile akatimua mbio.

Alifariki nyumbani tarehe 7 Januari 2023, akiwa na miaka 74. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, na wenzake wa kiwandani. Mama ameagiza Orrin na mkewe wahamie kiti cha mbele, kando yake, na amesema leo hataki ubishi.

Pumzika kwa amani, baba, umetuacha tukiwa tunasemeshana.